Ua Limechanua, Goti Halikunjiki

Wagonjwa walimwita Mama Kunja, naye alijua, wala hakununa. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa ndiye mwenye chumba cha mazoezi ya viungo pale hospitali. Kilikuwa chumba kirefu chenye vitanda vinne vya mbao, kamba mbili zilizopita kwenye kapi darini, kioo kilichopasuka pembeni, na kingazi cha vidaraja vitatu kisichokwenda popote. Watu waliingia humo wakibebwa au wakijivuta kwa magongo. Wengi walitoka wakitembea, na karibu wote walilia walau siku moja.

Mdomo wake haukuwa na breki. "Hilo goti ni lako au umeazima?" alimwuliza mwalimu mmoja aliyekaza mguu kama mlingoti. "Kama umeazima, tumrudishie mwenyewe, huenda yeye analitaka." Mama mwingine aliyeanza kupiga mayowe kabla hajaguswa aliambiwa apunguze, asije akaishiwa sauti kabla hajaumia. Waliocheka walikunja. Waliokasirika walikunja zaidi, ili wamalize na wasimwone tena.

Lakini kilichompa heshima si mdomo, ni jicho. Mgonjwa akilala kitandani, Mama Kunja alilitazama goti mara moja na kutaja namba: nyuzi sitini, nyuzi themanini na tano. Wanafunzi wa udaktari walichukua ile rula yenye mikono miwili ya kupimia viungo, wakapima kwa matumaini ya kumwaibisha. Alikosea kwa nyuzi mbili, siku mbaya tatu. Hospitali nzima ilijua kwamba jicho la Mama Kunja halihitaji rula.

Kisha ikaja ile programu ya simu.

Mkurugenzi alisema chumba kimezeeka, foleni ni ndefu, na watu wanapoteza siku nzima kuja kunyooshwa nusu saa. Mazoezi yangefanyika nyumbani, kwa simu. Wagonjwa arobaini, wenye magoti, migongo na shingo, wangeijaribu kwa wiki nane. Wiki ya tisa wangeitwa wote wapimwe, na kama mambo ni mazuri, chumba kingefungwa na kugeuzwa stoo ya mafaili. Mama Kunja hakufukuzwa. Alipewa kazi ya kuikagua programu yenyewe, kila Ijumaa, na kutia sahihi. Alielewa vizuri: alikuwa ameitwa achimbe shimo lake na apimwe humo humo kama anaenea.

Aliyeitengeneza alikuwa msichana mwenye raba nyeupe na begi mgongoni, ambaye kila mtu alimwita Binti wa Programu. Siku ya kwanza alikaa kwenye kona ya chumba akiandika. Alimwona fundi umeme mwenye mwili wa ng'ombe akilia kamasi, na Mama Kunja akimwuliza kama amalizie kukunja au amwite mama yake kwanza. Binti alifunga daftari. Alirudi kwao akaapa kwamba atatengeneza kitu ambacho hakitamliza mtu.

Akakitengeneza kweli. Maandishi yalikuwa makubwa, bibi asiye na miwani aliyasoma. Kitufe kilikuwa kimoja tu. Kwa wenye magoti, simu ilifungwa kwenye muundi wa mguu kwa mkanda wa mpira na kuhesabu yenyewe mguu ukipanda na kushuka, huku sauti ya upole ikisema tafadhali na asante. Chini kulikuwa na sura tatu za kugusa: ya kucheka, ya kawaida, na ya kununa. Ukigusa iliyonuna, zoezi lilikoma pale pale na sauti ikakupongeza kwa kuusikiliza mwili wako. Na kila siku uliyofungua mazoezi, ua kwenye kioo cha simu lilifungua petali moja. Petali zilikuwa hamsini na sita. Anayemaliza wiki nane aliona ua zima limechanua, jekundu, linang'aa.

Mwanzoni simu ilionyesha pia nyuzi za goti, kwa kuwa ule mkanda ungeweza kupima. Lakini waliojaribu mapema waliona namba ndogo wakavunjika moyo, mmoja akatupa simu chini ya kitanda. Binti akaiondoa namba. Ua likabaki peke yake.

Kaka yake Mama Kunja alikuwa fundi vigae. Ni kaka mkubwa, yule aliyebaki na wadogo zake baba yao alipofariki. Yeye ndiye aliyemsomesha Mama Kunja, huyu wa pili wake, sakafu baada ya sakafu. Korido tatu za hospitali ile ile ziliwekwa na mikono yake. Mtu wa kazi hiyo hasimami wala haketi. Anaishi akiwa amepiga magoti, nyundo ya mpira mkononi na pima maji ubavuni. Siku moja aliteleza kwenye ngazi za jengo akiwa na boksi la vigae begani, akaangukia goti la kulia, na pia ya goti, kile kifupa cha mbele, ikapasuka vipande viwili. Daktari alimpasua, akaiunga kwa waya, akamwambia sasa kazi imebaki ya kukunja. Asipokunja mapema, goti litakauka hivyo lilivyo.

Alihudhuria chumba cha mazoezi cha dada yake siku mbili tu.

Siku ya pili vitanda vyote vilijaa, na kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mmoja aliyewahi kumpa kazi ya kuweka sakafu. Mama Kunja alishika mguu wa kaka yake kama alivyoshika miguu yote. Kaka akakunja uso, akashika ukingo wa kitanda, chozi likamtoka.

"Miaka thelathini umetambaa kwenye sakafu za watu," Mama Kunja akasema kwa sauti ya kazini, "leo unaogopa godoro?"

Chumba kikacheka. Yule mzee naye akacheka. Kaka akasema taratibu, "Mimi ni kaka yako. Uso huo nimeuosha mimi."

"Humu ndani sina kaka, nina magoti."

Wakacheka tena, zaidi. Kaka aliomba magongo yake, akaondoka, na kesho yake jina lake likawa la arobaini kwenye orodha ya simu. Ukoo mzima uliambiwa sababu. Simu ina adabu, alisema kila alipotembelewa. Simu haijamtukana hata siku moja.

Mama Kunja aliendelea kwenda kwake kila Jumapili kula chakula cha mchana, kama miaka yote. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na sebule ndogo ambayo kaka mwenyewe aliiweka vigae vilivyobaki kwenye kazi za watu, hakuna viwili vilivyofanana rangi. Alikaa karibu na mlango, mguu mbovu juu ya kigoda, simu imefungwa kwenye muundi.

Jumapili ya wiki ya tatu alimfanyia dada yake maonyesho. Sauti ikasema tafadhali kunja kadiri unavyoweza. Akakunja mara nne. Ya tano akagusa sura iliyonuna. Sauti ikampongeza, ikamwambia apumzike, na petali ya kumi na tisa ikafunguka. Mkewe akapiga makofi.

"Umeona, wifi?" mkewe akasema. "Hata jasho halimtoki."

Mama Kunja alikuwa ameona. Jicho lake lilikwisha sema namba kabla petali haijamaliza kufunguka: nyuzi hamsini na mbili. Goti la wiki ya tatu lilitakiwa liwe limefika sabini na kitu. Akaelewa pia kosa lilipo, papo hapo, kama mtu anayeona uzi uliotoka kwenye mshono. Lile ua halikujua chochote kuhusu goti. Lilihesabu siku. Mtu angeweza kufungua simu, kutikisa mguu mara tatu na kupumzika, na ua likachanua lote kwa furaha huku mguu ukigeuka gogo.

Alifungua mdomo aseme. Kaka akamuwahi.

"Siku zako zimekwisha, mdogo wangu. Huo mdomo wako uutafutie kazi nyingine, labda ya kufukuza mbwa." Alicheka, na mkewe akacheka, na simu ikasema asante kwa muda wako.

Mama Kunja akafunga mdomo, akala wali wake.

Njiani alijitetea mwenyewe kwa hesabu za kitaalamu. Goti lililokauka wiki ya tisa bado linaokoka: daktari humlaza mtu usingizi na kulikunja kwa nguvu, kisha mikono ya mtu mwenye ujuzi ikalishika kila siku lisirudi. Mikono ipi? Yake. Chumba gani? Chake. Wiki ya tisa mkurugenzi angeona kwa macho yake ua limechanua na goti limekufa, na maneno ya stoo ya mafaili yangekwisha. Kaka angerudi kitandani, angekunjwa, angepona, na angejua nani alikuwa ndugu na nani alikuwa simu. Ilikuwa ni kungoja tu. Na kungoja si dhambi, alijiambia. Hata daktari hungoja.

Ijumaa Binti alikuja na daftari lake. Alimpitishia picha zote za programu moja moja, akauliza kama kuna kitu hakijakaa sawa. Alikiri kwamba yeye anajua simu, hajui magoti, na ndiyo maana anamtegemea mama. Mama Kunja alilitazama lile ua muda mrefu. Akasema mmetengeneza vizuri, akatia sahihi.

Alitia sahihi Ijumaa ile na Ijumaa tano zilizofuata.

Jumapili ya wiki ya sita alimkuta kaka amekunjua mfuko wa zana sebuleni. Alikuwa ameosha nyundo ya mpira, amenoa mwiko, amefuta pima maji mpaka inang'aa. Alikuwa amepata kazi, nyumba kubwa, vyumba saba, kuanza wiki ya kumi. Mwenye nyumba alikubali kumsubiri kwa sababu anazijua korido za hospitali. Petali zilikuwa arobaini. Lakini baada ya chakula, mkewe alipotoka na vyombo, kaka aliinama upande wa dada yake na kushusha sauti.

"Hebu niambie. Jana nimejaribu kupiga goti pale jikoni, likagoma. Limekaa kama mlango wenye kutu. Nafanya kila siku, hata moja sijaruka. Wewe unaonaje?"

Hapo ndipo Mama Kunja aliombwa. Hata angekuwa na kisasi cha aina gani, kaka alikuwa ameinama, ameacha majivuno, ameuliza. Goti lilikuwa palepale, hatua moja kutoka mkononi mwake. Na mkono wake ulianza kunyooka, tusiseme haukunyooka. Lakini aliikumbuka ile kauli ya kufukuza mbwa, akakumbuka na vitanda vyake vinne, akahesabu wiki zilizobaki. Zilikuwa tatu.

"Mimi si mdomo tu?" akasema. "Muulize huyo anayekuambia tafadhali."

Kaka alimtazama, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu kwenye foleni na hataki ugomvi. Akasema ni kweli, pengine ana haraka. Akafunga mfuko wa zana.

Wiki ya tisa wote arobaini waliitwa. Mkurugenzi alikaa mezani ndani ya chumba cha mazoezi, Binti ubavuni mwake, na madaktari wawili. Wenye migongo na shingo walipita wakitabasamu. Mama Kunja ndiye aliyepanga foleni, na kati ya wenye magoti akamweka kaka yake wa kwanza. Kaka alivaa shati lililopigwa pasi. Alidhani ameitwa kutoa shukrani, na alizitoa, akisimama kwa magongo: alisema programu imemtunza kama mtoto wake, alisema haijamuumiza, akaonyesha ua lake. Lilikuwa zima, jekundu, halina petali iliyobaki. Mkurugenzi akapiga makofi.

"Sasa lala," Mama Kunja akasema.

Alishika kisigino cha kaka yake mbele ya watu wote, akausukuma mguu mpaka ulipokataa. Akaita daktari mmoja aje na rula. "Hamsini na tano," akasema kabla rula haijafika. Daktari akapima, akapima tena. Hamsini na tano.

Makofi yalikuwa yamekwisha. Mama Kunja akaeleza, na alieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote. Alieleza ua na petali, jinsi ua linavyohesabu siku badala ya goti, na jinsi sura iliyonuna inavyomfundisha mtu kukimbia palepale anapotakiwa kubaki. Alisema kuna magoti mengine sita kwenye benchi la nje na yote yatakuwa hivi. Mkurugenzi alikuwa anatikisa kichwa polepole, na Mama Kunja akauona upepo umegeuka, chumba chake kinarudi.

Binti alifungua daftari lake. "Lakini mama, kila Ijumaa nilikuuliza," akasema.

Hapo njia ilikuwa nyeupe. Angeweza kusema ameona leo, kama walivyoona wote. Nani angembishia? Lakini yule daktari mwenye rula, ambaye zamani alikuwa mmoja wa wale wanafunzi wa kushindana naye, alitabasamu akasema basi hata jicho la Mama Kunja limezeeka, limekaa wiki tisa karibu na goti la ndugu yake bila kuona.

Alimchoma penyewe.

"Jicho langu?" Mama Kunja akasema. "Mimi nililiona wiki ya tatu. Hamsini na mbili. Nililisoma kwa mbali, nina sahani mkononi."

Kaka alikuwa bado amelala chali, mguu wake mikononi mwa dada yake, anatazama zile kapi za darini. Aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Baada ya hiyo wiki ya tatu, umekuja kula kwangu Jumapili ngapi?"

"Kaka, ngoja nikueleze."

"Ngapi?"

"Sita."

Kaka aliomba asaidiwe kuketi. Daktari mwenye rula ndiye aliyemsaidia. Mkono wa dada aliukwepa.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka, na mengine yalikuwa mepesi kiasi cha kukasirisha. Binti aliirekebisha programu kwa mchana mmoja. Namba ikarudi, na ua likafungwa kwenye goti: pasipo nyuzi, hakuna petali. Sura iliyonuna iliuliza sasa inauma wapi na kiasi gani, kisha ikamwambia mtu ajikaze mara mbili zaidi au ampigie daktari. Kila kitu alichoeleza Mama Kunja siku ile kiliwekwa, neno kwa neno, na kilifanya kazi. Wale wagonjwa sita wa benchi la nje walilazwa upesi, wakakunjwa wakiwa usingizini, wakarudi kwenye simu iliyorekebishwa, na wote sita wakaendelea vizuri. Chumba kikafungwa mwisho wa mwezi. Vitanda vya mbao vilitolewa nje vikaegemezwa ukutani, na Mama Kunja akapewa barua iliyosema mkaguzi anayeona na kutia sahihi hafai kukagua.

Daktari alimwita kaka mara tatu aje alazwe. Alimweleza kwamba mlango wa kuliokoa goti unafungwa, zimebaki wiki mbili, pengine tatu. Kaka hakwenda.

Ndipo Mama Kunja alipokwenda mwenyewe, mchana, siku ambayo si Jumapili. Wifi yake alimfungulia, akarudi jikoni. Sebule ilikuwa kama siku zote, ila mfuko wa zana haukuwepo. Kaka alikuwa amempa fundi mwingine, pamoja na ile nyumba ya vyumba saba. Mwenyewe alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mguu umenyooka mbele yake sakafuni.

Mama Kunja hakuketi. Alijishusha chini, akapiga magoti kwenye vigae vile vya rangi rangi, magoti yote mawili, na alisema alichokuja kusema. Kwamba alikosa. Kwamba asimsamehe, si lazima, lakini aende alazwe, halafu yeye atakuja hapa kila siku kulishika hilo goti, asubuhi na jioni, na hatatoa sauti hata moja. Akanyoosha mkono kuelekea mguu.

Kaka akaita jikoni. "Mama watoto, mletee mgeni kiti. Amekaa chini."

"Kaka, ukingoja litakauka moja kwa moja. Hutapiga goti tena maisha yako yote."

"Najua. Wewe ulijua wiki ya tatu, mimi najua sasa." Hakupaza sauti. "Likikunjika watu watasahau. Wataniona natembea, watasema ah, mambo ya ndugu, yamekwisha. Hili sitaki liishe. Kila atakayeniuliza mguu huu umefanya nini, nitamwambia. Kwenye harusi za watoto nitakaa mbele hivi hivi, nimeunyoosha, na wewe utakuwepo."

"Unajikomoa mwenyewe."

"Naam. Na wewe utatazama. Wewe si una jicho?"

Wifi alileta kiti, akakiweka, akaondoka. Mama Kunja alikitazama kile kiti kitupu. Akainuka na kukung'uta gauni. Ili afike mlangoni alitakiwa apite pale kaka alipokaa, na mguu ulikuwa umekata njia kutoka kiti mpaka ukutani. Alisimama akimngoja ausogeze. Kaka alikuwa anatazama nje.

Akakusanya gauni kwa mkono mmoja, akainua mguu wake juu, akauruka wa kaka yake, akatoka.